Chuma Kilichooshwa kwa Majivu

Mwili wa mwanangu haukurudi Kolwezi. Alizikwa kule mashariki, chini ya kilima alichotumwa kukilinda na wenzake, na sisi tulipata habari kwa simu. Kilichorudi ni mfuko wa turubai, nasi tuliungojea kwa majuma kabla ya kuweka kilio. Aliuleta mwenzake wa jeshini, kijana wa mtaa wa pili kutoka kwetu, ambaye bomu lile lile lilimkata mguu. Alifika akitembea kwa magongo, akaingia chini ya bashi, turubai tuliyoitandaza uani kwa ajili ya kilio.

Ndani ya mfuko kulikuwa na shati, viatu vya raba, kitabu kidogo cha sala, simu iliyopasuka kioo, na kitu kizito kilichofungwa ndani ya fulana.

"Hii njo ilimuua, tata," aliniambia. "Niliiokota pembeni yake. Sikujua kama mutaitaka. Lakini nilisema, kuya na mikono tupu, hapana."

Ulikuwa mkia wa bomu, mrefu kama kiganja na vidole vyake, wenye mapezi yaliyopinda. Kwenye shina lake palikuwa na rangi ya kijani, na juu ya kijani kulikuwa na maandishi meupe na alama za damu iliyokauka. Nimefanya kazi ya kupaka mashine mafuta kwenye mgodi wa Mashamba tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Chuma nimekishika maisha yangu yote. Kile sikuweza kukishika. Nilikwenda kumtafutia yule kijana kiti na maji ya kunywa, na mfuko nikauacha mikononi mwa dada yangu mkubwa.

Ukoo wetu ni wa Kasai. Babu aliletwa huku na kampuni ya migodi, baba yangu alizaliwa huku, na mimi pia. Kasai yenyewe nimeiona mara moja tu. Lakini mambo ya kilio tumeyashika kama yalivyokuja na babu. Kitu chochote chenye damu ya marehemu hakivuki kizingiti kabla hakijaoshwa na mwanamke wa upande wa baba. Kwa hiyo dada yangu alichota majivu ya moto wa kilio, akaongeza mchanga, akaketi nyuma ya jiko na kukisugua kile chuma kama anavyosugua sufuria za sherehe. Alisugua akilia. Aliporudi nacho kilikuwa kinang'aa. Rangi ya kijani haikuwapo tena, wala maandishi.

Hakuna aliyeona kosa hapo. Mimi mwenyewe nilimshukuru.

Kitu kilichotusumbua siku zile kilikuwa kingine. Mkamwana wangu, mjane wa mwanangu, alikuwa ndani ya nyumba amekaa juu ya mkeka, na wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kumtamkia neno tshibawu. Wasiojua mambo yetu niwaeleze. Mke akitoka nje ya ndoa na asiseme, kosa lile halibaki kwake. Linamwangukia mume au mtoto. Kwa hiyo mume akifa kijana, wazee humuuliza mjane, naye anatakiwa kusema. Akisema, kuna mnyama wa kuchinjwa na maji ya kuogeshwa, na mambo yanaisha. Akikataa kusema, kilio kwake hakimalizwi.

Mkamwana alikataa. "Sina kitu ya kusema," aliwajibu. "Mukitaka niseme uongo, munifundishe uongo gani."

Basi bashi ilitolewa, viti vilirudishwa parokiani, watu walirudi kazini, na yeye akabaki na nguo nyeusi. Alilala chini. Hakumpa mtu mkono. Hakutoka kwenda sokoni, yeye aliyekuwa akiwauzia wachimbaji wa Mutoshi mikate na maharagwe kila asubuhi. Mtoto wao, msichana anayeanza kusema sentensi nzima, alikuwa akimuuliza mama yake kwa nini amekaa tu. Mke wangu alikwisha kufa miaka ya nyuma. Angekuwapo labda angejua la kufanya. Mimi nilikuwa namletea ugali wa bukari na mboga ya sombe na kuweka karibu na mkeka.

Nilimwamini. Lakini mimi ni mmoja, na ukoo ni ukoo. Kwetu mtu akifa watu hutafuta jina la aliyemuua, na jina lililokuwa karibu ni la yule msichana.

Nina binti mkubwa, dada ya marehemu. Anafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa mjini, anaandaa karatasi za mizigo ya migodi inayoingia kutoka mpaka wa Kasumbalesa. Saa za mapumziko alikuwa na kazi nyingine ambayo sikuijua vizuri. Kuna kundi la watu wa nchi nyingi, wasioonana uso kwa uso, ambao wanafuatilia silaha kwenye mtandao. Alijifunza kwao kwa simu. Nilifikiri ni mambo ya vijana. Siku moja alikuja, akakitazama kile chuma juu ya kabati, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Tata, mandiko iko wapi?"

"Mandiko gani?"

"Ilikuwa na mandiko. Kaka wa magongo aliniambia, mandiko ya mweupe. Iko wapi?"

"Tantine yako aliiosha."

Alikaa kitini. Mimi nikafikiri analilia kaka yake. Kisha akanieleza. Yale maandishi ndiyo yanayosema bomu limetengenezwa na kiwanda gani, na mwaka gani. Mtu akiwa na maandishi, anaweza kufuata. Akiwa na chuma kinachong'aa, ana chuma tu.

"Kufuata mpaka wapi?" nilimuuliza.

"Mpaka kwa mwenyewe."

Nikamwambia kuwa mwenyewe, kufuatana na wazee, amekaa kwenye mkeka mle ndani. Aligeuka kuangalia mlango. "Njo juu ya ile ninataka kufuata," alisema.

Tangu siku hiyo nami nilitaka. Niseme wazi nilichokitaka: sikuwa nikifikiria vita wala serikali. Nilitaka jina lingine la kuweka mahali pa jina la mkamwana wangu.

Binti yangu alianza kwa watu waliokuja kwenye kilio. Hapa kwetu watu hupiga picha za kilio kuliko za ndoa, na kuziweka kwenye status ya WhatsApp ili ndugu walio Likasi na Lubumbashi wajue. Aliwaandikia wanakwaya, majirani, wanawake wa jumuiya. Picha za status hupotea baada ya siku moja, lakini wengine huzihifadhi. Zilikuja nyingi. Niliona sura yangu ndani yake na sikujitambua, nilikuwa mzee. Chuma kilionekana kwenye chache, na kwenye zote maandishi yalikuwa ukungu mweupe.

Ndipo jirani mmoja akasema, "Na ule bwana wa video?" Kuna mtu mtaani kwetu anayepiga video ya ndoa na vilio. Hatukumwita, alikuja mwenyewe kwa sababu alisoma na mwanangu. Alikuwa ameihifadhi yote, akatuletea.

Tuliitazama Jumapili baada ya misa, kwenye kompyuta ya binti yangu, mimi na yeye sebuleni. Nilijiona nikipokea mfuko. Nilijiona nikiondoka kwenda kutafuta kiti. Kisha kamera ikafuata mfuko kwenye baraza, na hapo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimesikia tu kwa watu. Mkamwana ameletwa mlangoni kupokea vitu vya mume wake. Dada yangu anafungua fulana, anatoa kile chuma, anakisogeza mpaka karibu na uso wake.

"Angalia!" anasema. "Angalia kazi yako! Weye ulikuwa unacheka na batu ba Mutoshi, yee anakula hii! Shika! Ogopa nini? Shika kitu ya bwana yako!"

Mkamwana hashiki. Ameinamisha kichwa. Mkono wa dada yangu unatetemeka, kisha unatulia kidogo, na jua la saa tisa linapiga kwenye shina la chuma.

"Pale," binti yangu alisema.

Alisimamisha picha. Ilikuwa hapo hapo. Si kabla wala baada. Pengine pote mkono ulikuwa unatikisika au kidole kilikuwa juu ya maandishi. Alirudi nyuma, akapeleka mbele, akarudi nyuma. Kila mara ilitupasa kuisikia sauti ile. Nikamwomba aitoe sauti, akaitoa, na bila sauti ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa tuliuona uso wa mkamwana peke yake.

Aliikuza picha. Herufi zikatoka, na tarakimu, na alama ndogo kama duara lenye mshale ndani. Binti yangu aliziandika nyuma ya bahasha akizitamka moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nitaeleza yaliyofuata jinsi alivyonieleza, kwa sababu mimi niliyaona tu kwa pembeni. Hakuiba siri ya mtu. Hakuingia mahali palipofungwa. Kila alichokitumia kipo wazi kwa yeyote mwenye simu na subira. Alama ya duara aliikuta kwenye picha ya maonyesho ya silaha, ambako wafanyabiashara hupanga mabomu yao mezani na kusimama nyuma yake wakitabasamu. Nilimwona mmoja wao. Amevaa suti nzuri, ana beji kifuani, anamkabidhi mgeni kitabu cha bei. Alifanana na mtu yeyote.

"Njo yee?" nilimuuliza.

"Njo kiwanda. Yee ni mutu wa kuuzisha."

Kiwanda kile kilikuwa kimewekewa vikwazo. Yaani nchi zenye nguvu zimeandika jina lake na kusema: huyu msimuuzie, msinunue kwake, benki zisimpitishie pesa. Jina lilikuwa pale, kila mtu anaweza kulisoma. Nilifurahi kidogo niliposikia hivyo. Nilifikiri kumbe kazi imekwisha kufanywa na watu wakubwa. Lakini binti yangu alinionyesha mwaka uliokuwa kwenye shina la bomu, kisha mwaka wa vikwazo. Bomu lilikuwa dogo kwa umri. Lilizaliwa baada ya mama yake kufungiwa.

"Sasa ilitoka namna gani?" nikasema.

"Ile njo ninatafuta, tata."

Alitafuta kwa majuma. Akitoka kazini alikuja kwangu kwa sababu kwake umeme ulikuwa haueleweki, akala, akafungua kompyuta. Kuna madaftari ya serikali za nje yanayoandika kila kampuni, wakurugenzi wake na mtaa wake, na mengine unaweza kuyasoma bure. Alikuta kampuni nyingine, changa, katika nchi jirani ya kile kiwanda, yenye jina tofauti kabisa, jina zuri, la mambo ya kilimo. Mkurugenzi wake alikuwa yule yule wa kiwanda, ila jina lake la ukoo lilikuwa limewekwa mbele na la ubatizo nyuma. Namba ya simu ilikuwa ile ile. Kwenye maonyesho yaliyofuata, meza ile ile, mabomu yale yale, alama ile ile ya duara na mshale, na juu ya meza lile jina zuri. Jina hilo halikuwa kwenye vikwazo vya nchi yoyote.

"Kwetu ku duane tunaona bile," aliniambia, maana yake forodhani. "Mutu akifungiwa, anafungua ingine kwa jina ya shemeji. Mi nilifikiri kule kwa bazungu hawawezi."

Aliona pia kuwa kampuni ile ilikuwa inanunua vitu kwa wingi: baruti, chuma, na shaba.

Nikauliza, "Shaba ya wapi?"

"Haijaandikwa."

"Ya kwetu?"

"Tata, sijue." Alinitazama. "Ikiisha kuyeyushwa hakuna mwenye anaweza kujua. Nikikuambia eyo, nitadanganya. Nikikuambia hapana, nitadanganya."

Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa lilinikosesha amani. Mpaka leo magari ya shaba yakipita barabarani kuelekea mpakani, yakitimua vumbi mpaka ndani ya sahani zetu, mimi huyaangalia. Sina la kusema juu yake. Huyaangalia tu.

Kundi lake la mtandaoni lilipitia kila kitu, likauliza maswali mengi, likamrudisha nyuma mara kadhaa. Mwishoni walisema iko sawa, watapeleka kwa wale wanaoandika vikwazo, na wataitangaza. Lakini walihitaji picha ile ya video, kwa kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba bomu la mwaka ule lilifika Kongo. Katika picha, hata ukiikata, upande mmoja unabaki mkono wa dada yangu, na nyuma yake kipande cha kitambaa cheusi na kidevu cha mkamwana.

Binti yangu alisema hawezi kuituma bila ruhusa. Aliingia ndani, akaketi chini karibu na mkeka, akamwonyesha. Mimi nilisimama mlangoni. Mkamwana aliitazama picha kwa muda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona jinsi alivyokuwa siku ile.

"Mandiko ilikuwa karibu na macho yangu hivi?" alisema.

"Eyo, yaya," binti yangu akasema, akimwita dada.

"Na sikuisoma." Akarudisha kompyuta. "Tuma. Lakini kwanza tantine aione. Mbele ya batu bote, vile alinionyesha mi."

Kwa hiyo niliita ukoo. Ni haki yangu kama baba wa marehemu. Walikuja Jumamosi mchana: dada yangu, ndugu yangu mdogo mwenye duka la vipuri ambaye ndiye msemaji wa ukoo, na wazee wengine wachache. Nilimwomba na yule kijana wa magongo aje. Mkamwana alitoka, akakaa sakafuni karibu na mlango, kama desturi inavyotaka.

Ndugu yangu alipoona kompyuta mezani alicheka. "Basi madame wa duane, leo kifo ya mutu njo unaipitisha ku mpaka? Tulipe ushuru?"

"Leo hakuna ushuru, tata mudogo," binti yangu akasema. "Sikiliza tu."

Alieleza. Alieleza polepole, kwa maneno ya nyumbani, na sikumsikia akijisifu. Alionyesha yule mtu wa suti. Alionyesha jina la kwanza na jina la pili na namba moja ya simu. Wazee waliuliza mambo, na mmoja aliomba kumwona tena yule wa suti. Ndugu yangu alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono.

"Umefanya kazi," alisema. "Hatukatai. Bomu, tulisikia ni bomu. Kiwanda, muzuri, tumejua kiwanda. Lakini kiwanda hakimujue mutoto wetu. Kilima ile ilikuwa na baaskari bengi. Juu ya nini ilimuangukia yee? Nani alimuonyesha bomu njia? Ile njo tunauliza bibi yake."

Nilijua swali hilo litakuja. Kompyuta haina jibu lake.

Yule kijana alisogeza magongo yake. "Tata, ruhusa."

"Sema."

"Mi nilikuwa pembeni yake. Tulikuwa tunakula biskiti moja. Iliniangukia na mimi." Alipandisha mguu wa suruali, kikaonekana kile kilichobaki. "Mi sikuoa. Hata mchumba sina, bote banakimbia sura yangu. Sasa tshibawu ya bibi gani ilinikata hii muguu?"

Mzee mmoja alicheka kabla hajajizuia, na mwingine akamfuata. Hata ndugu yangu alitabasamu, akajipangusa mdomo. Mkamwana hakucheka. Dada yangu pia hakucheka. Tangu mwanzo alikuwa anatazama kompyuta tu.

"Rudisha ile picha," alisema. "Ile ya mukono."

Binti yangu akairudisha.

"Ule mukono ni wangu?"

"Eyo, tantine."

"Bangili ni yangu." Alisogea karibu na kioo. "Na mandiko njo hii. Ilikuwa hapa, mi naitikisa."

"Eyo."

"Halafu nikaenda kuiondosha na majivu."

Aliendelea kutazama.

"Bale batu ba kule," akauliza, "bananisikia vile ninasema?"

"Hapana. Ni picha tu, haina sauti."

"Batu ba ukoo njo balisikia," alisema dada yangu. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiuliza. "Huyu wa suti, iko na batoto?"

"Sijue, tantine. Sikutafuta."

"Muzuri. Usitafute."

Alisimama. Magoti yake ni mabaya, ilimchukua muda. Alisema anataka maji ya moto na wembe. Ndugu yangu alianza kusema kuwa ukoo haujaamua, na yeye, ambaye ni mkubwa kwetu sote na aliyetubeba sote mgongoni, alimwangalia tu. "Nilimushitaki mi," alisema. "Nani mwingine atamutoa ku kilio?"

Hakuomba msamaha. Nilitegemea ataomba na hakuomba, nami ningedanganya nikiandika vingine. Alimshika mkamwana mkono, mara ya kwanza mtu kumshika tangu siku za kilio, akamwongoza nyuma ya nyumba. Tulisikia maji. Tulisikia dada yangu akisema, "Inama. Inama muzuri, isikukate." Alimnyoa, akamwosha, na nguo nyeusi zikachomwa. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha dada yangu, kikubwa kwake, amekifunga mara mbili. Mtoto alimkimbilia, akamgusa kichwa, akauliza nywele zimekwenda wapi.

Picha ilitumwa jioni ile ile.

Mjane aliyemaliza kilio ni huru kuondoka. Wazee walimuuliza kama anataka kurithiwa na mtu wa ukoo, akasema hapana, nao hawakusukuma. Alibaki kwangu kidogo, kisha akasema anataka kwenda kwa mama yake, huko Kisenge. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa manganizi kule na nyumba yao ipo. Mtoto angekwenda naye. Ni mdogo bado. Sikuweza kumzuia. Nilikuwa nimehangaika miezi yote ile ili apate kutoka kwenye mkeka, na sikuwa nimefikiria kuwa mtu akitoka kwenye mkeka anakwenda mahali. Niliwasindikiza mpaka kwenye maegesho ya malori. Mtoto alilala begani kwangu na ilibidi nimtoe akiwa bado usingizini kumpa mama yake juu ya lori, kati ya magunia ya unga.

"Tata, utakuwa unakula?" mkamwana aliniuliza kutoka juu.

"Nitakula."

Habari ya vikwazo ilikuja baadaye, mvua zilipokuwa zimeanza. Binti yangu alipiga simu akiwa kazini, jambo ambalo halifanyi. Lile jina zuri la kilimo lilikuwa limeandikwa. Benki zimefungwa, na mkurugenzi jina lake limewekwa kwa namna zote mbili, mbele kwa nyuma. Nilimuuliza kama sasa imekwisha. Alisema kundi lao limekwisha kuona meza ile ile kwenye maonyesho mengine, na juu yake jina la tatu. Wanafuata.

"Basi mufuate," nikamwambia.

Nilitaka mkamwana aambiwe na mimi. Mtandao wa Kisenge ni mgumu, nilijaribu mara nyingi mpaka ikapita. Nikamwambia yote: jina limefungwa, picha yake ilisaidia, watu wa mbali wamelisoma bomu lile kwa ajili ya picha ile. Alisikiliza. Nilisikia kuku nyuma yake na mtoto akiimba.

"Aksanti, tata," alisema. "Mumwambie na yaya, binti yenu, aksanti." Kisha akaongeza: "Tata, nilitaka kukuita ku simu na mimi. Nilikuwa naogopa."

"Sema, mwana."

"Kuko mutu huku. Ni fundi wa reli. Anataka kuja kuniomba kwa baba zangu. Nilimwambia siwezi kujibu kitu kabla ya kukuuliza."

Kwetu ni baba wa marehemu ndiye anayefungua njia hiyo. Asipofungua, mwanamke anakwenda na mzigo. Niliangalia ukuta, mahali ambapo picha ya mwanangu ya magwanda imetundikwa. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na umri wangu wote mwilini, basi.

"Ni mutu muzuri?" nikamuuliza.

"Anampenda mutoto."

"Basi mukubalie. Umwambie mi nimesema. Na tantine yako pia nitamwambia, atasema vile vile."

Alilia, nami nilimwacha alie mpaka mtandao ukakatika. Nilijaribu kupiga tena, haikupita. Baadaye nilikwenda kwa dada yangu, nikamkuta anachagua maharagwe uani, nikamweleza.

"Fundi wa reli," alisema. "Haendake ku vita?"

"Haendi."

"Muzuri," alisema, akanisogezea nusu ya maharagwe ili nimsaidie.